Hewa Iliyozishinda Injini

Mchana wa tarehe 11 Julai 1915, ndege ya Waingereza aina ya Henri Farman ilikuwa ikizunguka juu ya delta ya Rufiji. Ndani yake walikuwamo watu wawili: rubani John Tulloch Cull na mwenzake H. J. Arnold, aliyeshika mtambo wa kupeleka ishara kwa simu ya upepo. Chini yao, nyuma ya misitu ya mikoko, ilijificha manowari ya Wajerumani, Königsberg, ile iliyoizamisha Pegasus bandarini Zanzibar mwezi Septemba 1914 kisha ikakimbilia ndani ya mikono ya mto huu. Meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, zilikuwa zimepenya kwa mlango wa Kikunja na kuanza kuipiga mizinga bila kuiona. Arnold ndiye aliyewaelekeza wapigaji kutoka angani: ongeza kidogo, punguza kidogo, sasa limepata.

Ndipo kombora la Königsberg lilipoifikia ile ndege, na injini ikaharibika.

Wengi hudhani kwamba ndege ikizimikiwa na injini huporomoka hapo hapo. Haikuwa hivyo. Cull aliinamisha pua ya ndege kidogo, akaanza kunyiririka kuelekea zilipo meli za wenzake. Wakiwa katika kushuka huko, Arnold hakuiacha kazi yake. Aliwapelekea Severn ishara kwamba makombora yao yanaipata Königsberg upande wa mbele tu, wayarudishe nyuma kuelekea katikati ya meli. Pia aliomba mashua ije kuwachukua. Ndege iligusa maji karibu na Mersey ikapinduka, nao wote wawili wakatoka hai. Siku ile ile nahodha Max Looff aliamuru manowari yake ilipuliwe.

Msikilizaji, kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya vita. Ndani yake, hata hivyo, limo swali la fizikia ambalo watu wa Kibiti, Nyamisati na Ikwiriri, jirani na delta hiyo, wanaweza kulichunguza leo kwa macho yao, bila kununua chombo chochote. Katika zile dakika chache, injini ikiwa imekufa, ile ndege iliendelea kuruka kwa nguvu gani?

Kwa nguvu ya kimo chake. Kila kitu kilichonyanyuliwa juu kina akiba ya nishati. Kilo moja ikipandishwa mita moja, hupata karibu jouli 10, na akiba hiyo hukaa pale mpaka kitu kitakapoteremka. Injini ya Farman ilikuwa imechoma petroli kwa muda mrefu kuipandisha ndege na watu wake zaidi ya futi 2,000 juu ya mikoko. Petroli ile haikupotea yote. Sehemu yake iligeuka kuwa kimo. Injini ilipozimika, Cull alianza kuitumia akiba hiyo, kama kijana anayeshuka mteremko na gunia la mkaa nyuma ya baiskeli, miguu imetulia juu ya pedeli na magurudumu yanaendelea kukimbia.

Bawa likikatiza hewa kwa mwendo wa kutosha, huisukuma hewa hiyo chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Hiyo ndiyo nguvu ya kunyanyua. Lakini hewa haikubali kupasuliwa bure; hukinza, na ukinzani huo hula mwendo. Ndege yenye injini huulipa ukinzani kwa petroli. Ndege isiyo na injini huulipa kwa kimo: hushuka polepole, na uzito wake wenyewe huivuta mbele kwenye njia ile ya kuteremka. Rubani akiinua pua kupita kiasi ili abaki juu, mwendo hupungua, hewa huachana na mgongo wa bawa na nguvu ya kunyanyua hupotea ghafla. Wengi wamekufa kwa kosa hilo. Akiinamisha pua mno, mwendo huzidi, ukinzani huongezeka, na akiba huisha kabla ya safari. Katikati yake upo mwendo mmoja unaomfikisha mbali kuliko mwingine wowote, na rubani aliyezimikiwa na injini hutafuta huo kwanza.

Ubora wa chombo kinachonyiririka hupimwa kwa hesabu nyepesi: kikishuka mita moja, kimekwenda mita ngapi mbele? Tumbusi mgongo-mweupe, ndege wa mizoga anayejulikana kote kwenye mbuga zetu, huenda karibu mita 15. Ndege zisizo na injini zinazotumika leo katika mashindano huenda mita 50 na zaidi. Ile Farman, yenye mabawa mawili yaliyopandana, nguzo za miti na nyaya tele zilizokuwa zikikwaruzana na upepo, ilishuka upesi zaidi kuliko hao wote.

Jambo moja hapa huwashangaza hata wanafunzi wa kidato cha sita. Uzito haupunguzi umbali huo. Chombo kizito hushuka kwa mwinamo ule ule wa chombo chepesi cha umbo lile lile, ila kwa mwendo mkubwa zaidi. Ndiyo maana marubani wa mashindano hujaza maji ndani ya mabawa siku yenye jua kali, wakakimbia zaidi, kisha wakayamwaga kabla ya kutua.

Mpaka hapa, habari ni ya kutumia akiba tu. Cull na Arnold walikuwa wakishuka na wasingeweza kupanda tena. Lakini asubuhi ya kiangazi, msafiri aliyeshuka kwenye basi pale Kibiti akiinua macho kwenye saa nne na nusu hivi, aghalabu atamwona mwewe akizunguka juu ya paa za mabati, hapigi bawa hata mara moja, na kila mzunguko unamwacha juu zaidi ya ule uliotangulia. Huyu hatumii akiba. Anaweka.

Ili kuelewa anaipata wapi, turudi kidogo kwenye vita ile ile. Mwanzoni mwa mwaka 1915, katikati ya joto la kaskazi, Waingereza walileta ndege za majini za Sopwith kuja kuichungulia Königsberg. Hazikufaa. Gundi ya mbao ililegea, mapangaboi yaliharibika, na ndege zenyewe hazikuweza kupanda na mzigo ziliotakiwa kubeba. Sehemu ya lawama ilikuwa ya hewa. Hewa yenye nyuzi 32 za Selsiasi ni nyepesi kuliko yenye nyuzi 15 kwa karibu asilimia 6, kwa hiyo bawa hupata hewa kidogo zaidi ya kusukuma na injini hupata kidogo zaidi ya kuvuta. Mvuke wa maji huipunguzia uzito tena, kwa sababu chembe ya mvuke ni nyepesi kuliko chembe za naitrojeni na oksijeni ambazo imechukua nafasi yake. Wahandisi waliozoea baridi ya Ulaya walikuta Rufiji hewa isiyobeba.

Hewa hiyo hiyo iliyozishinda injini ndiyo inayompandisha mwewe. Wepesi ule uliokuwa balaa kwa Sopwith ni riziki kwake, kwa kuwa hewa nyepesi iliyozungukwa na hewa nzito zaidi haikai chini, hupanda. Mwewe kazi yake ni kuitafuta na kukaa ndani yake.

Nayo haipandi kila mahali. Jua likiupiga uwanja wa shule usio na majani, barabara ya lami iendayo Lindi, shamba la mihogo lililopaliliwa karibuni, au mabati ya soko, ardhi hupata moto upesi na kuipasha hewa iliyoilalia. Kwanza hewa hiyo husitasita, kisha hung'oka kwa pamoja. Mara nyingine dalili yake huonekana chini kabisa: kisulisuli kinachozoa vumbi, karatasi na majani makavu ya mikorosho, kikazunguka uwanjani kwa nusu dakika na kutoweka. Vumbi huishia hapo, ila hewa huendelea kupanda mamia ya mita. Mkondo wa namna hii ukipanda kwa mita 3 kila sekunde, na ndege ndani yake akishuka mita 1 kila sekunde kwa hesabu yake mwenyewe, faida yake ni mita 2 kila sekunde. Dakika 8 au 9 zinatosha kumfikisha kilomita moja juu.

Ni faida kubwa kiasi gani? Tumbusi mgongo-mweupe ana uzito wa kilo 5 na nusu hivi. Kumpandisha kilomita moja kunahitaji takriban jouli 54,000. Kama angepanda kwa kupiga mabawa, misuli yake, ambayo kama misuli ya mnyama yeyote hupoteza sehemu kubwa ya chakula kwa joto, ingechoma karibu gramu 5 au 6 za mafuta kwa kila kilomita ya kimo. Kwa ndege anayekula leo na huenda asile tena kwa siku kadhaa, kupanda mara kumi kwa siku kwa gharama hiyo kungemmaliza. Kwa hiyo hapigi mabawa. Asubuhi hukaa mtini na kungoja, mpaka ardhi ipate moto. Ndege wadogo kama mwewe hutangulia kuruka, na wazito hufuata mikondo inapokomaa.

Mtu aliyeyachunguza haya kwa karibu kuliko wote alifanya kazi katika Afrika ya Mashariki. Colin Pennycuick, Mwingereza, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha akahamia Serengeti. Alikuwa na ndege nyembamba yenye mabawa marefu na injini ndogo. Aliitumia injini kupaa, akaizima, kisha akaingia katika mkondo ule ule waliomo tumbusi, korongo na mwari, akazunguka pamoja nao. Mwaka 1972 alichapisha aliyoyaona. Tumbusi huzunguka hadi juu, huacha mkondo, hunyiririka moja kwa moja hadi mkondo mwingine, hupanda tena, na kwa namna hiyo huweza kutafuta mizoga zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye kiota chake na kurudi. Ni mwanasayansi wa nadra anayeacha darubini ardhini na kwenda kuruka na anaowachunguza. Kazi yake bado inasomwa na wanaoandika juu ya jambo hili.

Akitazamwa kwa karibu, tumbusi anayezunguka ana mambo ya kuonyesha. Bawa lake ni pana na fupi kiasi, na nchani manyoya makubwa yameachana, kila moja limepinda juu peke yake na mwanga unapita katikati yao. Kwenye ncha ya bawa lolote hewa iliyobanwa chini huponyoka na kukimbilia juu, ikijiviringa, na mviringo huo hula nishati. Manyoya yaliyoachana huuvunja mviringo mmoja mkubwa kuwa midogo, na hasara hupungua. Ufupi wa bawa humwezesha kupinda katika duara la makumi machache ya mita, hivyo huweza kukaa ndani ya mkondo mwembamba karibu na ardhi, mahali ambapo ndege ya mashindano yenye mwendo mkubwa ingetoka nje ya mkondo kila nusu mzunguko.

Sasa tusogee kutoka Kibiti kuelekea baharini, kupitia Nyamisati hadi kwenye mikoko yenyewe. Hapa mambo hubadilika. Delta ya Rufiji ina mikoko ya takriban hekta 53,000, msitu wa mikoko ulioungana ulio mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Jua linalolipiga tope lenye maji, au majani ya mkoko, halitumiki kupasha hewa kama linavyofanya kwenye lami. Sehemu kubwa huishia kuyageuza maji kuwa mvuke. Maji yenyewe ni mazito kupata moto. Kwa hiyo mikondo ni michache na dhaifu. Furukombe, bingwa wa samaki wa delta, hushinda sehemu kubwa ya siku amekaa mtini juu ya mkono wa mto, akaruka kwa shabaha na kurudi. Hakuna uvivu hapo. Mahali penye hewa isiyopanda, kila mpigo wa bawa unatoka mfukoni mwake.

Kati ya delta na bara kuna mstari mwingine wenye neema. Kuanzia saa za mchana, upepo wa baharini huingia nchi kavu. Ni hewa baridi kidogo na nzito, hujipenyeza chini ya hewa moto ya bara na kuinyanyua, ukingoni mwa huo upepo, katika ukanda mrefu unaofuata pwani. Ukanda huo husogea magharibi kadiri jua linavyopinda. Ndege anayeujua hahitaji kuzunguka. Hunyooka tu kuufuata, akisafiri na kupanda kwa wakati mmoja. Marubani wa ndege zisizo na injini katika nchi nyingi za pwani hutafuta mstari huo huo.

Mawingu huonyesha ukomo. Hewa inayopanda hupoa karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100, na ikifika kiwango ambacho mvuke wake hauwezi tena kubaki mvuke, wingu jeupe la fundo huzaliwa, chini limenyooka kama limekatwa. Siku yenye nyuzi 32, na unyevu wa kutosha kuifanya hewa itoe umande ikifika nyuzi 24, chini ya wingu hapo pwani pako kwenye mita 1,000 hivi. Magharibi zaidi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hewa ya kiangazi ni kavu zaidi, mawingu huanzia juu zaidi, na tumbusi wa kule hupata ghorofa refu zaidi la kupandia. Kwa kimo cha kilomita moja na uwezo wa mita 15 kwa mita 1, ndege ana kilomita 15 za kutafuta mkondo unaofuata. Kwa kimo cha kilomita mbili, anazo 30.

Bahari nayo ina wasiofuata kanuni hii. Mwaka 2016 watafiti walieleza jinsi frigeti wakubwa, ndege wa bahari wenye mabawa marefu, wanaozaana kisiwa cha Europa katika mlango bahari wa Msumbiji, wanavyoweza kukaa angani hadi miezi miwili bila kutua. Pepo zinazopita juu ya maji yenye joto hujenga mawingu mchana na usiku, nao hupanda ndani ya mawingu hayo, wakati mwingine kufikia mita 4,000. Korongo weupe wa Ulaya hawana uwezo huo. Kila mwaka wanapokuja Afrika ya Mashariki huzunguka bahari ya Mediterania, wakavuka kwenye mlango mwembamba wa Bosporus na kupita upande wa Suez, ili tu wabaki juu ya ardhi yenye mikondo. Korongo hao hao ndio waliomfundisha Mjerumani Otto Lilienthal, aliyeandika kitabu juu ya kuruka kwa ndege mwaka 1889 na kuanza kuruka mwenyewe kwa mabawa yasiyo na injini mwaka 1891. Alikufa Agosti 1896, baada ya bawa lake kupoteza nguvu ya kunyanyua na kumwangusha.

Kuna sababu ya kuyasema haya redioni sasa, na si kwenye darasa la fizikia peke yake. Tumbusi mgongo-mweupe aliwekwa mwaka 2015 katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani, na sumu ndiyo inayowamaliza kwa wingi zaidi barani Afrika. Wapo wanaotia sumu mzoga kumlipizia simba aliyekula ng'ombe. Wapo majangili wanaoitia kwa makusudi ya kuwaua tumbusi wenyewe, kwa kuwa kundi linalozunguka angani humwonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa.

Na hapa kile kinachompa tumbusi uhai ndicho kinachomwangamiza. Akiwa juu kwenye mkondo wake, humtazama mwenzake aliye mbali. Mmoja akianza kushuka, jirani hushuka, na jirani wa jirani, mpaka anga la wilaya nzima linamiminika penye mzoga mmoja. Kwa sababu safari haiwagharimu, wanatoka mbali sana. Mbuzi mmoja aliyetiwa sumu kando ya mbuga, magharibi ya mji wa Utete, huweza kuwaua ndege walioamka asubuhi ile kilomita 100 kutoka hapo, na vifaranga waliobaki viotani wakangoja mzazi asiyerudi. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka, na kifaranga huchukua miaka kadhaa kukomaa. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe ana haki ya kusikilizwa, na halmashauri zina maofisa wa wanyamapori wa kupokea malalamiko yake. Mzoga wowote ulioonekana na ndege waliokufa kando yake uripotiwe kwao siku hiyo hiyo, na usiguswe kwa mikono mitupu, kwa kuwa sumu inayomwua tumbusi humwua mtu pia.